Maji Yaliishia Magotini

Maji yaliyomuua Perusi Nabwire yaliishia magotini. Kila aliyekuwapo asubuhi ile kijijini kwao, huko Masinya karibu na mpaka wa Kenya, alilijua hilo, kwa sababu watu waliyapita wakimtafuta, viatu mkononi, na hakuna aliyelowa kupita magoti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kulipokucha Perusi alitoka kwenda kumfungua ng'ombe wake aliyefungwa kando ya kinamasi, akashika njia aliyoipita tangu alipoolewa pale akiwa msichana. Njia haikuonekana. Maji yalikuwa yametanda kila mahali, rangi ya chai ya maziwa. Lakini mama wa umri wake hahitaji kuiona njia ya kwake, aliikanyaga tu. Hakujua kwamba mchana wa siku iliyotangulia, vijana wa matofali walikuwa wameikata njia hiyo katikati, wakachimba udongo mpaka kina kikapita kimo cha mtu, na hawakusimika hata kijiti cha kumwonya mpita njia.

Aliyemtoa shimoni ni mwanawe, Okochi. Alizama, akaibuka, akazama tena, mpaka mkono wake ukashika kitambaa cha gauni. Ng'ombe alikutwa mzima, amesimama majini, anacheua.

Binti mkubwa wa marehemu, Maggie, alikuwa ameolewa Molo, upande wa Tororo, na fundi mwashi aitwaye Herbert Ogwang. Mumewe alikuwa Japadhola na yeye Msamia, makabila ya lugha mbili tofauti, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nyumba yao iliongea Kiswahili cha sokoni, na mambo yote mazito ya ndoa yao waliyasema kwa Kiswahili hicho. Simu ilipokuja Maggie hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Mafuriko makubwa namna gani?" Na Okochi, kule kwenye simu, akasema, "Njoo tu, dada."

Walikuja kwa bodaboda moja, Maggie katikati ya dereva na mume wake, wakapita Busitema matope yakiwarukia mpaka usoni. Alipofika hakwenda kwanza kwenye nyumba alimolazwa mama. Aliteremka moja kwa moja kinamasini. Maji yalikuwa yameanza kupungua. Aliliona shimo, kingo zake zimekatwa wima kama kaburi la mtu mkubwa mno. Kandokando aliona mengine kama hilo, mengi, yamejaa maji mpaka pomoni. Alipokuwa mtoto hapo palikuwa na mafunjo marefu kuliko mtu, mazito hata mbuzi hakuweza kupenya. Hakuona hata unyasi mmoja. Mbele yake lilisimama tanuri la matofali mabichi, refu kama nyumba, limepakwa tope nje, linasubiri kuni.

"Ni la nani?" alimwuliza Lillian, jirani yao, aliyekuwa amemfuata nyuma kwa huruma.

"La baba yako mdogo. La mwenyekiti," Lillian akajibu. "Mashimo yote hii ni yake."

Baba mdogo huyo ni Mukhwana, mdogo wake marehemu baba yao Maggie, na mwenyekiti wa kijiji. Ndugu yake alipofariki, yeye ndiye aliyeshika usemi wa ardhi ya ukoo, na yeye ndiye aliyeamua ukingo wa kinamasi uchimbwe. Matofali yake yalivuka mpaka kwa lori, yakajenga vyumba vya kupanga upande wa Kenya.

Siku ya maziko Mukhwana alileta jeneza, hema na viti, na watu wakamshukuru. Ulipofika wakati wa wazee kusema, alisimama, akavua kofia.

"Ndugu zangu," alisema, "dunia imebadilika. Zamani mvua tulikuwa tunaijua. Siku hizi ni jua, jua, jua, halafu siku moja mbingu inafunguka yote. Haya ndiyo wanayoita mabadiliko ya tabianchi. Wenye viwanda huko ng'ambo wamejaza moshi hewani, na sisi tusio na hata kiwanda kimoja ndio tunaozikana. Shemeji yangu ameuawa na mabadiliko ya tabianchi. Hatuna la kufanya. Tumwachie Mungu."

Watu wakatikisa vichwa. Katekista akaitikia amina.

Kilichomchoma Maggie ni kwamba maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Msimu uliotangulia mahindi ya Masinya yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele, na ya Molo vilevile. Sasa mvua ilikuwa imekuja kama mtu anayelipiza kisasi. Nani angebisha? Lakini Mukhwana aliuchukua ukweli huo akalifunika shimo lake, kama mtu anavyotupa mkeka juu ya uchafu wageni wakikaribia. Kabla hajajizuia Maggie alikuwa amesimama.

"Baba, naomba kuuliza."

"Mwanangu, kaa. Si wakati wake."

"Swali ni dogo. Maji yalifika wapi?"

Mukhwana akavaa kofia yake.

"Uliyaona asubuhi ile, baba. Ulikuwapo. Yalifika wapi?"

Ni sauti ya Lillian iliyojibu kutoka nyuma, chini kwa chini: "Magotini."

"Magotini," Maggie akarudia. "Mama alikuwa mrefu kuliko mimi. Ameuawaje na maji ya magoti? Mwenye kiwanda gani alitoka ng'ambo akaja hapa na jembe? Mvua ilinyesha, sawa. Mvua ilichimba shimo? Mvua ndiyo iling'oa mafunjo?"

"Maggie!" Okochi alimshika mkono kwa nguvu. "Nyamaza. Tunamzika mama."

"Hata mimi namzika!" alifoka, na sauti ikampasukia mdomoni. "Namzika, na anayemwagia mchanga ndiye aliyemchimbia!"

Shangazi mmoja akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ili kuokoa hali, na wengine wakamfuata. Perusi akazikwa katikati ya wimbo ulioimbwa haraka mno.

Kesho yake Okochi alimkuta dada yake amesimama tena ukingoni mwa lile shimo. Okochi alikuwa ameshika kofia mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Umetuaibisha," alisema. "Mtu amenunua jeneza, wewe unamtukana mbele ya watu."

"Okochi, wewe unafanya kazi kwake. Ulijua shimo liko hapa?"

Okochi akageuka kutaka kuondoka.

"Nakuuliza. Ulijua?"

"Nililichimba mimi."

Maggie alidhani hakusikia vizuri. Halafu akaona kwamba alisikia.

"Nililichimba mimi, dada. Mimi na wenzangu wawili. Udongo wa njiani ndio ulikuwa mzuri, haukuwa na mizizi. Nilisema nitamwambia mama asipite. Jioni nilirudi nimechoka, nikalala." Uso wake ulikunjamana. "Unataka nifanye nini? Nijitupe humo?"

"Nataka uache kumchimbia yule mzee!"

"Nikale nini? Hasira zako?" Sasa Okochi naye alipandisha sauti. "Wewe uko Molo na mume wako fundi. Mimi nililima. Nililima ekari nzima, jua likachoma yote. Nikapanda maharage, mvua ikaja ikayaozesha. Ulitaka nipande mara ya ngapi? Mukhwana alikuwa peke yake hapa aliyesema, kijana, kuna kazi. Ndiyo, kazi mbaya. Lakini ilikuwapo!"

Maggie alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika kichwa na kukiweka kifuani kama alivyofanya walipokuwa wadogo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliondoka akamwacha pale, akaenda nyumbani, akamwambia Herbert arudi Molo peke yake.

"Mimi nakwenda, wewe unabaki kufanya nini?" Herbert akauliza.

"Kufukia shimo."

Herbert alimtazama mkewe. Alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua lini abishane naye na lini avae viatu. Akavaa viatu.

Maggie alianza na jembe la mama yake. Alikata udongo wa kingo na kuutupa ndani, na kila bonge la udongo lililoanguka majini lilimezwa bila kuonyesha dalili. Watu walipita wakimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Vijana wa matofali walimcheka wazi. Siku ya pili mikono ilitoka malengelenge, akaifunga vitambaa akaendelea. Hasira ndiyo ilimlisha. Alipojaribu kula kitu kingine hakikushuka.

Siku iliyofuata Lillian alikuja na jembe lake. Hakusema neno. Walipopumzika ndipo alipofungua mdomo.

"Mimi nabeba hizi matofali kichwani," alisema. "Kutoka pale yanakauka mpaka kwa tanuri. Sisi wanawake wote tunabeba. Kuni tunabeba, chakula ya vijana tunapika. Sasa mzee amesema kuni imeisha, anataka kukata ile mikuyu."

Maggie akageuka kutazama. Mikuyu ile ilisimama upande wa juu, ukingoni, mikubwa, mizizi yake imekumbatia mawe. Chini yake ndiko chemchemi ya kijiji ilikotoka. Hata ule mwaka wa jua kali, kisima cha shule kilipobaki tope, chemchemi ya mikuyuni haikukauka.

"Lini?"

"Mwenye msumeno anakuja kesho. Anatoka Tororo."

"Na nyinyi mtabeba hizo kuni?"

Lillian alitazama viganja vyake. "Tulikuwa tutabeba," alisema. Halafu, kana kwamba neno hilo lilimuudhi yeye mwenyewe, akatema mate pembeni. "Sibebi. Mimi sibebi. Mama yako alinipokelea watoto wangu wote kwa mikono yake. Nitaenda kwa wengine niwaambie."

Alizunguka nyumba kwa nyumba jioni ile. Wengine walimwambia atafute kazi ya kufanya. Wengine waliogopa waume zao. Lakini mwenye msumeno alipofika asubuhi, na msumeno wake wa petroli begani, aliwakuta wanawake wameketi chini ya mikuyu, miguu wameinyoosha, kila mmoja na mtungi wake kando kama waliokuja kuteka maji wakasahau kuondoka. Yule bwana aliwatazama, akautua msumeno, akaketi juu ya jiwe.

"Mimi ni mtu wa kazi tu," alisema. "Elewaneni, halafu mniite."

Mukhwana alikuja akiwa ameudhika, suruali imekunjwa, gambuti ndefu za mpira miguuni. Alimpita kila mtu akaenda kusimama mbele ya Maggie.

"Wewe umeolewa Molo," alisema. "Ulitolewa hapa kwa heshima. Ardhi hii huna neno juu yake. Ukitaka kuwa mwenyekiti, nenda ukawe kwa watu wa mume wako."

"Sawa, baba. Nitakwenda," Maggie akasema, akainuka. "Nitapanda bodaboda leo hii. Lakini kwanza twende pale kwenye shimo. Wewe ni mrefu, umevaa gambuti. Maji ni ya magoti tu. Ingia."

"Unanivunjia heshima."

"Ingia, baba! Pita katikati, ufike ng'ambo, tukuone. Ukitoka mzima, mimi nitakuomba msamaha mbele ya kanisa zima na nitakubebea kuni mwenyewe!"

Mukhwana alirudi nyuma hatua moja. Shingo ilimjaa mishipa. "Nitaita polisi," alisema mwishoni.

"Waite," Lillian akadakia. "Waambie waje na kamba ndefu, hapa watu wanazama."

Mwanamke mmoja akacheka, kicheko kikali kisicho na raha, na kikaambukiza wengine. Mukhwana aligeuka akaondoka. Mwenye msumeno alisubiri mpaka saa ya chakula, akaona hakuna anayepika, akajitwika msumeno wake akarudi Tororo.

Wanawake wakabaki. Walipangiana zamu, waliokwenda shambani walipokewa na waliorudi. Matofali yaliyokauka uwanjani yalibaki uwanjani. Siku moja lori lilikuja kutoka upande wa Kenya, na dereva wake, Wanjala, akashuka akizungusha funguo kidoleni.

"Mathe, mama yangu, kunani hapa? Mimi nimeambiwa mzigo uko tayari."

"Tayari gani?" Maggie akamwuliza. "Twende nikuonyeshe udongo wa mzigo wako ulipotoka."

Wanjala alimfuata akitabasamu, na alipofika shimoni akasikia habari yote, tabasamu likamwisha. "Hiyo ni noma," alisema. "Lakini mimi nikikosa hapa, nitaambiwa nipakie kwingine. Sikufichi." Akapanda lori lake akaondoka tupu. Maggie aliyakumbuka maneno hayo siku nzima, na yalimkera kuliko vitisho vya Mukhwana.

Kisha mvua ikarudi. Ilianza mchana, mawingu meusi yakija kutoka upande wa ziwa, na ikapiga kana kwamba mtu anamwaga debe. Vijana wa matofali walikimbia na maturubai kulifunika tanuri. Okochi alikuwa wa kwanza kupanda juu. Miezi ya kazi ilikuwa imepangwa pale tofali kwa tofali, na Mukhwana alikuwa amewaahidi kwamba ujira wao wote ungetoka siku matofali yakiiva. Walifunga maturubai vizuri, kila pembe, na kwa muda ilionekana wameshinda.

Lakini turubai liko juu, na maji yalikuja kwa chini. Kinamasi kisichokuwa na mafunjo ya kuyazuia wala sifongo ya mizizi ya kuyanywa kiliyaachia maji yakapanda bila kizuizi, yakavuka mashimo, yakaufikia msingi wa tanuri. Tofali bichi halihimili maji. Safu ya chini ilianza kulegea kama ugali uliozidi maji, na tanuri likainama polepole kuelekea upande aliokuwa amesimama Okochi, ambaye sasa alikuwa ameshuka, ameegemeza bega lake, anajaribu kulizuia kwa mwili wake.

"Okochi, toka!" Maggie alipiga kelele kutoka mikuyuni. Okochi hakusikia au hakutaka kusikia. Maggie akavua kanga yake, akachukua mti mrefu, akaingia majini akichoma chini kila hatua kutafuta ardhi, Lillian nyuma yake ameishika ncha ya kanga. Wenzake Okochi walikuwa wamekwisha kukimbia. Tanuri lilitoa sauti kama mtu anayeguna usingizini, likashuka. Okochi akafunikwa na tope mpaka kiunoni.

Walimvuta kwa kanga. Alikuwa akitukana. Aliitukana mvua, akamtukana Mukhwana, akamtukana dada yake, na alipotoka akaanguka kifudifudi kwenye nyasi akalia kwa sauti, mwanamume mzima, mgongo wake ukitikisika. Hakuwa amelia hata siku ya maziko.

"Umefurahi sasa?" alimwuliza Maggie alipopata pumzi.

"Sijafurahi," Maggie akasema. "Ningefurahi kama lingekuwa jasho la Mukhwana. Ni lako. Amekula mama, amekula na jasho lako, na kesho atasimama hapa aseme ni tabianchi."

Na kweli, kesho yake Mukhwana alikuja, akaliona lile rundo la tope, akawaambia vijana kwamba ni mambo ya mvua, hana la kuwalipa, wavumilie. Alisema vilevile, maneno yaleyale karibu, kwa sauti ileile ya msibani. Okochi alikuwa amesimama miongoni mwao. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alikwenda akachukua wilbaro ya Mukhwana mwenyewe, akaipakia tope la tanuri, akaisukuma mpaka kwenye shimo alilozama mama yake, akaimwaga humo. Akarudi kujaza tena. Safari ya pili kijana mwingine alishika koleo.

Shimo lile lilifukiwa kwa matofali yaliyotoka humo humo. Yaliyobaki yalifukia mengine mawili.

Kazi haikuishia hapo, na wala haikuwa tamu. Mkutano wa kijiji uliitishwa na wazee, si na mwenyekiti, na ulidumu mchana kutwa kwa kelele. Wengine walisema kinamasi ni mali ya Mungu na kila mtu achimbe anapotaka. Wengine walimwita Maggie mchochezi. Lakini wanawake walikuwa wamekuja wote, na walipoulizwa watabeba matofali tena au la, walijibu kwa pamoja kwamba hawatabeba. Ikakubaliwa kwamba ukingo hautachimbwa, mikuyu haitakatwa, mashimo yatafukiwa na mafunjo yatarudishwa kwa kuletwa mashina kutoka upande wa pili ambako bado yalikuwepo. Mukhwana alisema mashimo yaliyo kwenye kiwanja chake mwenyewe ni yake, na hakuna atakayeyagusa. Hawakuweza kumlazimisha. Wakayazungushia miti ya miiba.

"Na sisi?" Okochi aliuliza katika mkutano ule. "Mmefunga kazi. Sawa. Tufanye nini?"

Ndipo Maggie alipompigia Herbert simu. Huko Molo kilima chao kilikuwa kimebaki kipara kwa sababu ya kuni za matanuri, mpaka mvua ikawa inateremsha udongo wote kwenye migomba ya watu. Kikundi cha mafundi cha Herbert kikaacha kuchoma matofali. Walipata mashine ya mkono, ya chuma, yenye mpini mrefu. Unatia udongo mwekundu wa kilimani uliochanganywa na saruji kidogo, unaning'inia kwenye mpini kwa uzito wako wote, tofali linatoka limeshindiliwa gumu. Linakauka kivulini, linamwagiwa maji kila siku mpaka likomae. Halihitaji hata ukuni mmoja, na halihitaji udongo wa kinamasi.

Herbert aliileta kwa pikapu, pamoja na tofali moja lililokwisha kukomaa. Okochi alilipindua mikononi kwa dharau.

"Shemeji, nani atanunua tofali ambalo halijaona moto?"

"Litie kwa maji," Herbert akasema.

Okochi akalitosa kwenye ndoo, akaliacha mpaka siku ya pili. Alipolitoa aliliangusha juu ya jiwe. Lilimeguka pembe, basi. Aliliangusha tena. Halafu akauliza udongo mwekundu unachotwa wapi.

Hakuna aliyetajirika. Mashine moja hutoa matofali machache kwa siku kuliko kalibu za mbao, na kazi yake ni ya mgongo. Jiko la Lillian lilikuwa la kwanza kujengwa, na watu walikuja kugusa kuta wakitafuta ufa. Vijana wawili waliona haiwalipi, wakaenda mpakani Busia kupakua malori, na kila walipokutana na Maggie sokoni walisonya. Alijua wamepoteza, na alijua ni nani aliyepaswa kuwafidia, naye hakuwa yeye.

Mafunjo yalishika. Yalipofika kifuani, wageni wa mradi fulani wa mazingira walikuja na fulana za kijani zilizoandikwa maneno, na aliyewapokea ni mwenyekiti. Mukhwana aliwatembeza ukingoni, mikono nyuma, akiwaeleza jinsi "sisi viongozi" tulivyoona mbali. Walimpiga picha. Maggie, aliyekuwa amekwisha kurudi Molo na siku hiyo amekuja kwa maombi ya kumbukumbu ya mama, alipewa fulana akairudisha. Mgeni mmoja mwanamke alimwuliza kwa upole kwa nini hakufurahi.

"Mwulizeni yale mashimo ya nyuma ya miiba ni ya nani," Maggie akasema, akaonyesha kwa mkono. "Msiondoke kabla hajawajibu." Wageni wakatazama miiba, wakamtazama Mukhwana, na yeye akaanza kuwaonyesha njia ya kurudi. Kama walimwandika au hawakumwandika, Maggie hakungoja kuona.

Okochi alimsindikiza barabarani. Mambo fulani kati yao hayakurudi yalivyokuwa, na huenda yasirudi. Lakini alimshikia begi, na bodaboda ilipokuja alimwambia, "Dada, nikimaliza jiko la shangazi nitakuja Molo, nione mnavyopanga kona za ukuta." Maggie akaitikia kwa kichwa.

Walipofika mbele ya Busitema, upande wa kushoto, chini ya barabara, aliona moshi. Ulikuwa mzito, mweupe, unapanda taratibu kutoka kwenye tanuri lililosimama katikati ya kinamasi kingine. Pembeni lori lilikuwa linapakiwa, na wanawake walikuwa wanapishana juu ya ubao, matofali kichwani. Mashimo yalimetameta kwa jua.

"Simama hapa," alimwambia dereva.

Dereva akasimama, akageuka. "Mama, hapa unajua mtu?"

"Simjui."

"Sasa unashuka kufanya nini?"

Maggie alimpa begi alishike. Alivua viatu, kwa sababu mteremko ulikuwa wa utelezi, akaanza kushuka kuelekea kwa wale wanawake, na mmoja wao, aliyekuwa karibu zaidi, akatua mzigo wake kumtazama.